Kabla Hujanunua Mkebe wa Antioksidanti Awasi

Siku hizi huhitaji kwenda Kisumu mjini kutafuta mkebe wa antioksidanti. Unakufuata Awasi. Jirani aliyejiunga na biashara ya mtandao anakuja nao hadi nyumbani, gari lenye vipaza sauti linausifu kando ya barabara kuu ya kwenda Kericho, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama kuna mtu asiyechoka kutuma picha za zabibu, komamanga na majani ya mlonge, chini yake bei na namba ya kulipia. Maneno ni yale yale kila mahali: umetokana na mimea, hauna kemikali, unaondoa sumu mwilini, unasaidia presha, sukari, macho, magoti na hata saratani. Dozi ya mwezi mmoja huuzwa kwa maelfu ya shilingi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefikiria kununua, au uliyekwisha kununua na mkebe uko juu ya kabati. Msimamo wangu nautanguliza ili usiutafute katikati ya mistari: mimea yenye antioksidanti ina faida kwa mwili, lakini ushahidi wa faida hiyo uko zaidi kwenye sahani kuliko kwenye kidonge. Mtu wa huku Kano anayepata mboga za kienyeji kama osuga na dek, na mapera, sokoni hana sababu kubwa ya kununua mkebe, isipokuwa katika hali chache nitakazozitaja. Na wapo watu ambao mkebe huo unaweza kuwadhuru.

Antioksidanti hufanya kazi gani

Kata parachichi vipande viwili uviache mezani. Kipande kimoja kikamulie ndimu. Kile kisicho na ndimu kitageuka kahawia mapema, kwa sababu oksijeni ya hewani imeshambulia nyama yake. Kile chenye ndimu kitakawia, kwa kuwa asidi na vitamini C vimezuia shambulio hilo.

Ndani ya mwili kuna jambo la namna hiyo. Seli zinapotumia oksijeni kuchoma chakula ili kupata nguvu, huzaa chembe huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni, ambazo hupora elektroni za molekuli jirani. Moshi wa sigara, moshi wa kuni jikoni na sukari iliyopanda kwenye damu huzizidisha. Zikizidi, huharibu mafuta ya kuta za seli, protini na vinasaba. Antioksidanti huzitulizia njaa kwa kuzipa elektroni. Vitamini C na E ni antioksidanti. Vivyo hivyo beta-karotini ya rangi ya chungwa, luteini ya majani mabichi, polifenoli za majani ya chai na anthosiani zinazotia matunda rangi ya zambarau.

Hadi hapo muuzaji anasema kweli. Anapokosea ni pale anaporuka na kusema kwamba ukimeza antioksidanti nyingi zaidi utaugua kidogo zaidi. Mwili unazihitaji chembe huru pia. Seli nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Hata dawa ya malaria unayopewa zahanati, ile ya mseto yenye viambata vya artemisinini, huua kimelea kwa njia hiyo: inapokutana na chuma ndani ya kimelea hupasuka na kutoa chembe huru zinazokimaliza. Anayetangaza kwamba chembe huru zote ni adui wa kufagiliwa mbali hajaeleza mwili unavyofanya kazi.

Majaribio makubwa yalisema nini

Wazo la kidonge cha antioksidanti limejaribiwa kwa watu wengi sana. Kule Ufini wanaume 29,133 waliovuta sigara walipewa beta-karotini, vitamini E, vyote viwili, au kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini ndio waliopata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na jaribio lao la watu zaidi ya 18,000, wavutaji sigara na waliofanya kazi penye asbesto. Mwaka 1996 lilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliomeza beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwaka 2011 jaribio jingine la wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha kuwa vitamini E ya dozi kubwa iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Watafiti wa mtandao wa kimataifa wa Cochrane walikusanya majaribio 78 yenye watu 296,707 na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2012. Vidonge vya antioksidanti havikurefusha maisha ya waliovimeza. Beta-karotini na vitamini E zilionekana kuongeza vifo kidogo.

Sikutajii haya ili kukutisha. Karoti haikumdhuru mtu yeyote katika majaribio hayo. Kilicholeta madhara ni kitu kimoja kilichotengwa na mmea wake, kikakusanywa kwa wingi usiopatikana katika mlo wowote, kikamezwa kila siku kwa miaka.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Kuna ugonjwa wa macho wa uzeeni unaoharibu kitovu cha retina, na kwa huo mchanganyiko wa vitamini C, E, zinki, shaba, luteini na zeaxantini hupunguza kasi ya kuharibika kwa wagonjwa waliofika hatua ya kati. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2013 ndio uliosaidia kuondoa beta-karotini kwenye mchanganyiko huo na kuweka luteini, kwa ajili ya usalama wa waliowahi kuvuta sigara. Mwaka 2022 jaribio la watu 21,442 waliopewa dondoo la kakao au kidonge kitupu lilionyesha vifo vya moyo vikipungua kwa asilimia 27, ingawa lengo kuu la jaribio, yaani kupunguza jumla ya matukio ya moyo na mishipa, halikufikiwa kwa uhakika wa kitakwimu. Hiyo ni dalili njema inayongoja kuthibitishwa. Kwa hiyo kama daktari wa macho amekupima na kukwambia una ugonjwa huo wa retina, kidonge kina nafasi yake. Mtu mzima asiye na ugonjwa huo anayenunua mkebe ili azuie saratani hana ushahidi wa kuutegemea.

Anza na sahani ya nyumbani

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta watu wazima 94 kati ya kila 100 nchini Kenya hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga kwa siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400. Pengo letu kubwa liko hapo, na pengo hilo halizibwi na kijiko cha unga.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafiti mboga za kienyeji ambazo wengi waliziita magugu au chakula cha maskini, na mwaka 2014 alitunukiwa Nishani ya Edinburgh kwa kazi ya sayansi. Mboga hizo ndizo mama mboga wa Awasi anazozipanga kwa mafungu: osuga, ambayo wengine huiita managu, dek, au saga, apoth, yaani mrenda, mitoo, ododo, ambayo ni mchicha, na bo, majani ya kunde. Ni chanzo kizuri cha karotini, luteini, foleti na polifenoli. Kwa bei ya mkebe mmoja familia inakula mboga hizi kwa wiki nyingi.

Tatizo ni kwamba tunazinunua zikiwa na utajiri huo kisha tunaumwaga. Tazama dek inavyopikwa katika nyumba nyingi. Inachemshwa, maji yanamwagwa kwa sababu ni machungu, inachemshwa tena, yanamwagwa tena, mara magadi yanaingia ili ilainike na ibaki ya kijani. Vitamini C na foleti huyeyuka katika maji, kwa hiyo huondoka nayo. Joto la muda mrefu huimaliza vitamini C iliyobaki, na magadi huiharibu haraka zaidi.

Fanya hivi badala yake. Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyachambue au kuyakata. Weka maji kidogo tu, yachemke kwanza, kisha tia mboga na ufunike. Kama uchungu unakusumbua, changanya dek na bo au ododo ambazo ni laini kwa ladha, na umalizie kwa maziwa, kama walivyofanya bibi zetu walioihifadhi dek ndani ya maziwa kwenye chungu hadi kesho yake. Acha magadi. Na usiogope mafuta: karotini na luteini huyeyuka katika mafuta, na zisipoyapata mwili hufyonza kidogo sana. Kijiko cha mo alenya, malai, mafuta ya kawaida au njugu zilizosagwa kinatosha sufuria. Hapo umepata kwa shilingi chache kile ambacho kiwanda kinakitia kwenye kapsuli laini yenye mafuta.

Katika matunda, pera halipewi heshima yake. Gramu mia moja za pera zina vitamini C takriban mara nne ya ile ya chungwa, na mti wake unaota hata nyuma ya choo bila kuhudumiwa. Maembe na papai yana karotini. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama aina za Kabode na Vita zilizosambazwa magharibi mwa Kenya, vinaweza kumpa mtoto vitamini A ya siku nzima katika sehemu moja ya chakula.

Kwa anthosiani, ambazo wauzaji wa dondoo la zabibu huzisifu sana, panda tu barabara hadi Kericho. Watafiti wa chai wa huko walitoa mwaka 2011 aina ya TRFK 306, chai ya zambarau yenye rangi hiyo hiyo ndani ya jani. Ni kinywaji kizuri. Ila chai yoyote hupunguza chuma ambacho mwili unafyonza kutoka kwenye mboga na maharagwe, kwa hiyo mjamzito na mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula. Asubiri saa moja hivi baada ya kula.

Nizungumzie na mlonge, kwa sababu ndio unaouzwa zaidi kama unga. Majani yake mabichi ni chakula bora. Tangazo la kwamba una vitamini C mara saba ya chungwa linalinganisha uzito kwa uzito wa majani mabichi, lakini kwenye mkebe kuna majani makavu, na sehemu kubwa ya vitamini C hupotea katika kukausha. Tena kijiko cha chai cha unga ni gramu mbili tatu tu. Hakuna anayekula gramu mia za unga kwa siku. Unga huo bado una chuma, kalisi na protini kiasi. Ukiutaka, panda mti wako, kausha majani kivulini na uyatwange mwenyewe. Mizizi na magome yake yaache, hasa ukiwa mjamzito, kwa kuwa yanaweza kuchochea mikazo ya tumbo la uzazi.

Ukisimama mbele ya muuzaji

Omba mkebe, usome nyuma. Tafuta jina la kila kiambata pamoja na uzito wake katika miligramu. Penye maneno kama mchanganyiko maalumu wa kampuni bila uzito wa kila kimoja, huwezi kujua unachomeza, na daktari wako pia hawezi. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, yenye namba ya kibali. Unaweza kutuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 uone kama inalingana na bidhaa iliyo mkononi mwako. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa ni suala la Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, na kemisti aliyesajiliwa anaweza kukuangalizia kama imesajiliwa.

Takwimu za nguvu ya antioksidanti zilizopimwa maabara zisikushtue. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la vipimo hivyo, ikaliondoa mwaka 2012 kwa sababu namba za ndani ya chupa ya maabara hazielezi kitakachotokea ndani ya mtu.

Kuna pia mashine ndogo unayoshikishwa chuma mkononi, na baada ya dakika moja kompyuta inatoa ripoti ya ini, figo, mifupa na kiwango chako cha sumu. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba kushika chuma kunaweza kupima vitu hivyo. Na ukitazama mwisho wa ripoti utakuta kila tatizo lina mkebe wake. Serikali ilizindua Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa vifaa vya kupima presha na sukari. Muulize mhamasishaji wa kijiji chako. Kipimo chake ni halali na hakiuzi kitu.

Kuhusu neno la kwamba bidhaa haina madhara kwa kuwa ni mmea: tumbaku nayo ni mmea. Chai ya kijani kwenye kikombe ni salama kwa watu wengi, lakini dondoo lake kwenye kapsuli limewahi kuharibu ini, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba katekini yake kuu ikifika miligramu 800 kwa siku kutoka kwenye virutubishi huanza kuonyesha dalili za kuumiza ini.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu katika ukanda huu wa ziwa mambo haya yanagusa nyumba nyingi.

Ukitumia ARV zenye dolutegravir, ambayo wengi huimeza ndani ya kidonge cha TLD, chunguza kama mkebe una kalisi, chuma, magnesi au zinki. Madini hayo hushikamana na dolutegravir tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu ya kutosha. Meza ARV saa mbili kabla ya bidhaa hiyo au saa sita baada yake. Chuma na kalisi vinaweza kumezwa pamoja na dawa ikiwa umekula chakula wakati huo huo. Waeleze kliniki hata kama hawajakuuliza. Virusi vikipata nafasi kwa sababu ya unga wa kuondoa sumu, hasara yake haiwezi kulinganishwa na faida yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mjamzito anayepewa SP kliniki ili kuzuia malaria asimeze foleti ya miligramu 5 au zaidi kwa siku, kwa kuwa hupunguza nguvu ya SP. Ile miligramu 0.4 ya kawaida haina tatizo. Vilevile vitamini A ya aina ya retinoli isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku, maana wingi wake unaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Anayevuta sigara, au aliyewahi kuvuta kwa miaka, asiguse vidonge vya beta-karotini. Mwenye kisukari anayemeza unga wa mlonge juu ya dawa zake anaweza kushuka sukari ghafla, basi aipime mara kwa mara. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asianze dondoo lolote la mmea bila ruhusa. Aliye kwenye matibabu ya saratani, yawe ya kemikali au ya mionzi, aseme kila anachomeza, kwa sababu sehemu ya matibabu hayo huua seli za saratani kwa kutumia chembe huru zile zile ambazo mkebe unakuja kuzizima.

Ukiamua kuutumia

Ni mwili wako na pesa ni zako. Kama huna lolote kati ya hayo na bado unataka kujaribu, anza na bidhaa moja tu, si tatu kwa mpigo, ili ukipata nafuu au madhara ujue chanzo. Kabla ya kidonge cha kwanza pima presha, sukari na uzito, uandike tarehe na namba kwenye daftari. Pima tena baada ya wiki nane hadi kumi na mbili kwa mashine ya kituo cha afya, si ya muuzaji. Usizidishe kipimo cha kwenye mkebe hata ukiambiwa kwamba wiki ya kwanza ni ya kusafisha. Macho yakianza kuwa ya manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, au mwili ukawasha bila upele, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali na mkebe mkononi. Mhudumu anaweza kuripoti madhara hayo kwa PPB, na ripoti yako inaweza kumwokoa mwingine.

Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya waliovuka mpaka, walikwenda Samunge huko Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Kikombe kilitoka kwenye mmea, na bei yake ilikuwa ndogo. Kilichogharimu ni kwamba baadhi ya wagonjwa waliporudi waliacha ARV na dawa za kisukari. Jambo hilo hilo linatokea leo kimyakimya kwa ajili ya mikebe, mtu akipunguza dawa ya presha kwa sababu anajisikia vizuri au kwa sababu pesa haitoshi vyote viwili.

Kwa hiyo fanya jambo moja wiki hii. Mwulize mama, mjomba au dada yako anayetumia mkebe kama bado anameza dawa zake za kliniki. Akikwambia ameziacha, usimgombeze wala usimkejeli. Chukua mkebe na kadi yake ya kliniki, mpeleke hospitalini Ahero, au Kisumu kwenye Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wazee bado wanaiita Russia, aanzishwe tena dawa zake mapema.